Tabasamu la Kuuma Meno

Mimi ni wifi yake Dorika, kwa hiyo mkinisikia namsema msishangae. Kumsema ndiyo kazi niliyokabidhiwa siku kaka yangu Kelestini alipomuoa, na kwa kweli anajua kunipa sababu. Dorika hajui kutulia. Ukimkaribisha kiti atakaa ukingoni kama mtu anayesubiri kuitwa jina, na chai haijapoa ameshainuka kuuliza kama maji ya kuoshea vyombo yapo. Anakaanga samaki sokoni Ifakara, perege na kambale, na zamani sauti yake ilifika mpaka stendi. "Perege! Perege wa moto!" Hapo mtu ameshakula kwao na bado ananunua.

Masika ya mwaka juzi upepo uling'oa bati la kibanda cha jirani likamjia kwa upande. Lilimkata mbele ya sikio la kushoto, likateremka hadi kwenye taya. Nilikuwepo, na khanga niliyomfunga sikuweza kuivaa tena. Alishonwa, kidonda kikafunga mapema kuliko tulivyotegemea, nasi tukaenda kanisani kushukuru tukidhani yamekwisha.

Uvimbe ulipopungua ndipo tulipoona. Nusu ya uso wake ilikuwa imelala. Shavu limeshuka, jicho halifumbi, ikabidi alifunge kwa plasta kila akienda kulala. Akinywa maji yanamwagika. Akisema neno lolote, mdomo mzima unakimbilia upande wa kulia na kubinuka. Neno perege lilimshinda kabisa kulipigia kelele, maana halitoki kwa nguvu bila midomo kubana, akawa anakaanga kimya na moshi unamwingia kwenye lile jicho lisilofumba. Watu wakaanza yao. Wapo waliosema amepigwa kofi na jini. Wapo waliosema ni malipo ya kelele zake. Mimi niligombana na wote, kwa sababu kumsema Dorika ni haki yangu mimi peke yangu.

Katikati ya hayo mama yetu akaja.

Mama Rosa alikuwa akiishi Uchindile, huko juu kwenye baridi na mashamba ya miti, pamoja na mdogo wake, mama mdogo Serafina. Tangu zamani alikuwa na kinyongo na Dorika, kwamba ndiye aliyemshusha Kelestini bondeni kulima mpunga wakati baba alimwachia shamba kule kwao. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mtu amesimama, aliona kinachosogea, lakini kovu hakuweza kuliona. Na kwenye simu Kelestini, mtu wa maneno machache, alikuwa amemwambia hivi: "Dorika alikatwa na bati, kashonwa, kapona." Basi.

Mama akashuka kwenye treni akaletwa nyumbani Lipangalala. Dorika alitoka jikoni amejitanda khanga mpaka shavuni kwa aibu, akapiga goti.

"Shikamoo mama."

Mdomo ukakimbia kulia, ukabinuka. Mama akasema marahaba kama mtu anayetema mbegu.

Kuanzia hapo hakula chakula cha nyumba ile. Aliletewa wali, akasema ameshiba. Akaletewa samaki, kitoga cha nazi, ambacho hajawahi kukikataa maishani mwake, akasema tumbo. Kumbe anakula ndizi alizokuja nazo kwenye kikapu, amejifunika shuka kama mwizi. Dorika alizunguka nyumba nzima akijiuliza kosa lake, anafagia palipofagiwa, anaosha sufuria safi. Mwishowe mama akaniita.

"Agnella, nisindikize stesheni."

"Kuna nini tena, mama?"

"Sikuja huku kubetuliwa mdomo na mkamwana. Nimesalimiwa, nikabetuliwa. Nikaletewa maji, nikabetuliwa. Hata kunikaribisha kuoga ananibetulia! Kwetu hata mlevi hamfanyii hivyo mama mkwe."

Dorika alikuwa mlangoni na magamba ya samaki mikononi. Alisikia yote.

"Mama, nani kakubetulia?" akasema, na mdomo ukaenda palepale.

"Si huo!" mama akapiga kelele. "Si huo tena, mbele ya binti yangu!"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, vyote kwa pamoja. Kwetu, mwanamke akikubinulia mdomo amekutukana kuliko angefungua mdomo huohuo akatukana kwa maneno, na mkwe hasahau. Dorika alivua khanga, akakaa chini kwenye vumbi mbele ya mama, akauchukua mkono wa mama na kuuweka usoni pake.

"Bonyeza, mama. Sasa hivi nacheka. Unasikia kitu?"

Vidole vya mama vilianza upande wa kulia, vikakuta shavu limepanda. Vikavuka pua, vikaenda kushoto. Vikakaa hapo vinasubiri. Vikapanda mpaka kwenye kovu, vikarudi.

"Pamekufa," mama akasema.

"Upande mmoja tu, mama."

"Na mimi nimekaa humu ndani namnunia mgonjwa."

Aliomba kitoga chake. Kilikuwa cha jana na kimepoa, lakini alikimaliza mpaka kichwa, na hakumruhusu mtu akipashe moto. Mama akiona aibu hula. Usiku huo alilala akiwa ameshika ncha ya khanga ya Dorika, na asubuhi alikuwa wa kwanza kuvaa viatu akitaka kujua hospitali iko upande gani.

Bahati ilikuwa upande wetu, kwa sababu mwezi ule alikuja daktari bingwa kutoka Dar es Salaam kuona wagonjwa wa nyuso, wengi wao watoto wa mdomo sungura. Aliitwa Daktari Haidari, kijana mwembamba mwenye sauti ya chini, na alitueleza vizuri. Mshipa wa fahamu unaoendesha uso ulikatwa na bati karibu kabisa na mfupa, ncha yake ya kuunganishia haipatikani tena. Misuli ya shavu bado ipo hai, lakini isipoagizwa kitu kwa muda mrefu itakufa, na ikishakufa hakuna wa kuifufua. Akauliza bati lilimkata lini. Alipoambiwa masika, akasema nafasi ipo, ila si ya kukaa kufikiria mpaka mwaka mwingine.

"Nitachukua kipande cha mshipa nyuma ya mguu wako," akamwambia Dorika. "Upande wa nje wa unyayo utabaki na ganzi, lakini utatembea kama kawaida. Kipande hicho nakipandikiza usoni. Huku nakiunganisha na mshipa wa kutafunia, huku na misuli ya shavu. Mshipa utaota ndani yake taratibu, kama upana wa vidole viwili kwa mwezi. Ukishafika, ukiuma meno, mdomo utapanda."

"Nikiuma meno?" Dorika alikuwa ameshasimama. "Yaani nikitaka kucheka niume meno?"

"Mwanzoni, ndiyo. Baadaye ubongo unazoea."

"Daktari, kuuma meno ni hasira. Mtu haumi meno akacheka."

Akatoka nje. Alizunguka ule uwanja wa hospitali mpaka walinzi wakaanza kumwangalia. Mimi nilimfuata nikachoka, nikakaa. Alikuwa anaongea peke yake, kwamba kicheko cha kuuma meno si kicheko, ni uongo wa usoni, kwamba bora abaki hivi, kwamba hapana, hawezi kubaki hivi, kwamba mguu wenyewe nao ni wa kusimamia kwenye jiko siku nzima. Mama alikuwa benchi akisikiliza hatua zake zikienda na kurudi. Alipopita karibu akamkamata kitenge.

"Mkamwana, sikiliza. Kile kibaya, kile cha kubetuliwa, nilikiona mara moja na hakikuwepo. Sasa nataka kizuri, kicheko chako, nikishike kwa mkono wangu huu kabla sijafa. Uking'ata meno, uking'ata kidole, mimi sijali. Nipe nikishike."

Dorika akageuka, akarudi ndani kumwambia daktari ndiyo.

Mpunga wa Kelestini wa mwaka ule uliishia kwenye matibabu Dar es Salaam, nami nikaenda na Dorika. Aliingia chumba cha upasuaji asubuhi, akatoka taa zimeshawashwa, kichwa kimeviringwa bandeji na mguu vilevile. Dawa ya usingizi ilipoanza kumtoka, neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza kwa nini nimekaa. Nikajua amepona.

Lakini kusubiri! Mimi sijawahi kuona mtu anasubiri vibaya kama yule. Nyumbani hakuna kioo kilichobaki mahali pake. Sokoni alikuwa akiinama kwenye vioo vya pikipiki za bodaboda, anauma meno, anaangalia, anaachia, anauma tena, mpaka vijana wakawa wanamwita mkaguzi. Mguu nao ukampa vituko vyake. Ndala ilimchomoka tukitoka sokoni asijue, akafika Lipangalala na moja, akarudi njia nzima akiitafuta. Siku nyingine alikanyaga kaa la moto kwa upande wa ganzi, na harufu ndiyo iliyotuambia.

Mama alikuwa amerudi Uchindile, na kila asubuhi simu ilikuwa inaita kabla jua halijatoka, anaulizia safari ya mshipa.

"Imefika?"

"Bado, mama."

"Iko wapi?"

Daktari alikuwa amemfundisha kugonga shavu kwa kidole. Pale mshipa ulipoishia kuota, akigonga anasikia kama sisimizi wanatembea. Mwanzo walikuwa karibu na sikio, baadaye wakateremka. Dorika alijaribu kumweleza mama kwa vipimo, mama hakuelewa, akaamua kutumia njia anayoijua yeye, ya treni. Sikio akaliita Ifakara. Kona ya mdomo ni Uchindile, nyumbani kwake. Basi familia nzima tukawa na reli usoni mwa Dorika. Wiki hizi sisimizi wako stesheni ya Mbingu. Wamefika Chita. Mama akapiga vigelegele kwenye simu siku walipoingia Mlimba, maana kutoka Mlimba kwenda kwake hakuna mbali.

Na Mlimba ikakwama.

Wiki zikapita, akigonga ni palepale. Akiuma meno, hakuna. Daktari tulipompigia alisema asiache mazoezi, hapo kwenye kuingia msuli ndipo panapochelewesha. Dorika hakutaka kusikia. Akagombana na wateja, akagombana na Kelestini ambaye hagombani na mtu, akaja kwangu Mlabani kugombana na mimi.

"Umepotea, wifi. Mshipa umepotea njia. Umeingia kwenye taya au sijui wapi. Nimekatwa mguu bure."

"Hujakatwa mguu, Dorika. Umetolewa uzi."

"Uzi wenyewe si wako!"

Akasusa uji niliomtengea, kisha akaunywa akiwa amesimama, akaondoka. Nilimchukia siku ile, nilimhurumia pia, na nilifunga mlango kwa kishindo ili ajue la kwanza.

Halafu mama akaanza kuumwa kifua. Serafina alisema ni baridi ya kule, ataamka. Simu za alfajiri ziliendelea ila sauti ilikuwa ndogo, unaisikia pumzi kabla ya neno. Asubuhi moja nilikuwa pale Dorika alipopokea.

"Iko wapi?"

"Mlimba, mama."

Nilimnyang'anya simu nikaifunika kwa kiganja. "Mwambie imefika," nikamnong'oneza. "Mwambie tu. Afurahi."

Dorika akanitazama kwa lile jicho lisilofumba vizuri. "Atataka kuishika," akasema. "Nitampa nini?"

Akaichukua simu. "Bado Mlimba, mama. Lakini Jumamosi nakuja hivyohivyo ilivyo, tuisubiri wote."

"Njoo," mama akasema. "Nitasubiri."

Jumamosi haikufika. Simu ya alfajiri iliyofuata ilikuwa ya Serafina.

Uchindile ilikuwa kwenye ukungu tulipoteremka, miti inadondosha maji na hakuna anayejua kama ni mvua. Nyumba ilikuwa imejaa. Njiani kote Dorika hakulia. Hakuongea, hakugusa shavu, hakuangalia kioo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikaa kwenye kiti mpaka nyuma. Hilo lilinitisha kuliko kilio. Jicho la kushoto lilikuwa likitiririka, lakini lile linatiririka hata akikaanga samaki, na wanawake wa msibani waliomjua walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba mkamwana analia kwa jicho moja.

Sanduku likawekwa sebuleni, katekista akasali, watu wakaanza kuaga. Kelestini alipita akiwa ameinamisha kichwa. Mimi nikapita, na yangu hayahusiani na habari hii. Nikasimama ukutani kumsubiri Dorika, naye akaja polepole, akasimama juu ya mama.

Mama alikuwa amevishwa gauni lake la kijani, rozari imezungushwa kwenye mikono. Ile mikono. Nilimwona Dorika anaitazama. Nikajua kilio kimefika mlangoni na hataki kukifungulia. Akakaza. Akauma meno kwa nguvu zote mpaka mfupa wa taya ukasimama.

Na mdomo wake ukapanda.

Upande wa kushoto. Kona ya mdomo ilitikisika, ikaenda juu, ikavuta shavu, na shavu lililolala tangu masika ya mwaka juzi likakunjamana chini ya jicho. Mbele ya sanduku la mkwe wake, mbele ya Uchindile yote, Dorika alikuwa anatabasamu.

Chumba kikavuma. "Anacheka." "Ee Bwana, anacheka!" Serafina alikuwa karibu kuliko mimi. Alimkamata mkono juu ya kiwiko, machozi yanamtoka.

"Mkamwana! Unamcheka mkweo? Hata leo? Hata amekufa?"

Dorika hakuelewa. Aligeuza uso kumtazama Serafina, meno bado ameyauma, na tabasamu likageuka naye. Wanawake wa nyuma wakapiga mayowe. Aliyekuwa karibu na mlango akasema atolewe nje.

"Mama mdogo, mwachie!" Nilisukuma watu, sijui niliwakanyaga wangapi. "Mwachie, nimesema!"

"Huoni anacheka?"

"Analia! Huyo analia! Anauma meno asipige kelele, na akiuma meno ndivyo inavyokuwa, daktari alituambia. Ndiyo hiyo mama aliyokuwa anaipigia simu kila siku ya Mungu! Wewe si ulikuwa unamshikia simu? Ulidhani anauliza treni gani?"

Nikamgeukia wifi yangu.

"Dorika. Shika shavu lako."

Akapeleka vidole usoni. Nilimwona anauma, anaachia, anauma tena. Vidole vikapanda na kushuka na shavu. Macho yalimtoka, yote mawili, na sasa yote mawili yalikuwa yanatoa machozi.

Hakunitazama mimi. Alimgeukia mama. Akajaribu kuinua mkono wake kutoka kwenye rozari kama alivyouinua siku ile pale Lipangalala kwenye vumbi, lakini mkono ulikuwa umeshakakamaa, hauinuki. Kwa hiyo yeye ndiye aliyeinama. Akapiga magoti, akaingiza uso ndani ya sanduku, akalilaza shavu la kushoto juu ya vidole vya mama.

"Mama," akasema. "Imefika Uchindile."

Serafina bado alikuwa amemshika mkono, akauachia. Dorika akauma meno tena, akashikilia, na akaendelea kushikilia mpaka katekista alipomgusa bega kumwambia kuna watu wengine wanasubiri kuaga.